Je, Ujira Humaliza Deni?

Tangu zamani mwanadamu amekuwa msafiri. Amesafiri kwa ajili ya biashara, kwa ajili ya elimu, kwa ajili ya kuzuru jamaa na mahali patakatifu, na mara nyingine kwa kukimbia njaa na vita. Katika safari zote hizo taabu ya njia ilikuwa ni kitu cha kuvumiliwa ili lipatikane jambo jingine lililo mbele. Hakuna mfanyabiashara aliyevuka jangwa kwa sababu alipenda kiu, wala nahodha aliyetweka tanga kwa sababu alipenda dhoruba.

Lakini katika zama zetu pametokea safari ya namna nyingine, nayo ni ile ambayo taabu yenyewe ndiyo inayonunuliwa. Mtu aliye katika raha nyumbani kwake hutoa fedha nyingi ili apelekwe mahali ambapo hewa ni haba, baridi huua, na hapana mji wala shamba. Wengine huenda Everest, wengine huenda katika barafu za bara la kusini liitwalo Antaktika, na wengi huja hapa kwetu Afrika Mashariki kuupanda mlima Kilimanjaro.

Hatukusudii katika makala haya kumlaumu mtu kwa kupenda kuona maajabu ya dunia. Hamu ya kuona na kujua ni katika tabia njema za mwanadamu, na mwenye kusimama juu ya mlima mrefu akaona mawingu chini ya miguu yake huenda akarudi na moyo mnyenyekevu zaidi kuliko ule aliokwenda nao. Suala letu ni jingine. Mtu anayetafuta taabu kwa kupenda hawezi kuifikia ila kwa mgongo wa mtu mwingine, ambaye yeye huiingia taabu hiyo hiyo kwa kuhitaji. Basi je, akishamlipa ujira wake, deni baina yao limekwisha?

Watu wawili katika njia moja

Hebu na tuutazame mlima ulio karibu nasi. Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, hifadhi ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Idadi ya wanaojaribu kuupanda imefikia kiasi cha watu 50,000 kwa mwaka. Njia zake za kawaida, kama vile Marangu, Machame, Rongai na Lemosho, hazimtaki mgeni awe na kamba wala ujuzi mkubwa wa kukwea majabali. Mwenye miguu mizima na subira aweza kufika. Lakini hewa ya kileleni ni kama nusu tu ya ile ya pwani, na mwili uliozoea bonde hauna hila mbele ya jambo hilo. Kichwa huuma, tumbo hukataa chakula, na kwa baadhi ya watu maji hujaa mapafuni au ubongo huvimba, na mgonjwa wa namna hiyo asipoteremshwa upesi hufa.

Mgeni hapandi peke yake. Taratibu za hifadhi zamtaka awe na kiongozi mwenye kibali, na pamoja na kiongozi huenda mpishi na wapagazi. Kwa kawaida nyuma ya kila mgeni mmoja huwa na watu watatu au wanne, na pengine zaidi. Hao ndio wanaobeba mahema, meza na viti, mitungi ya gesi, vyakula, maji, na mifuko ya mgeni mwenyewe. Mzigo wa mpagazi hupimwa langoni kwa mizani, na kiwango kilichowekwa ni kilo 20. Asubuhi mgeni hutangulia kutoka kambini. Wapagazi hubaki wakikunja mahema na kuosha vyombo, kisha humpita njiani kwa mwendo wa haraka, ili afikapo kambi ya mbele akute hema limesimama na maji ya chai yanachemka. Wenyewe hujiita "wagumu", na jina hilo wamelistahili.

Ukiwatazama kwa mbali utadhani watu hawa wawili wanafanya jambo moja: wote wanapanda mlima, wote wanahema, wote wanalala katika baridi. Lakini ukiingia katika nafsi zao utaona tofauti kubwa. Mmoja akishindwa atarudi kwao na hadithi. Wa pili akishindwa atarudi kwao mikono mitupu, na ada ya shule ya watoto inangoja. Mmoja akiugua atateremshwa. Wa pili akiugua hujiuliza kwanza kama asemapo ataitwa tena katika safari ijayo.

Na tofauti hii si ya leo. Mwaka 1889, Hans Meyer, Mjerumani, pamoja na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na vitabu vya dunia vikaandika majina yao. Pamoja nao katika kambi ya juu alikuwapo mtu wa pwani yetu, Mwini Amani wa Pangani, ambaye alikaa katika baridi ile akilinda kambi na kuwapikia. Ni wasomaji wangapi waliopata kulisikia jina lake? Vivyo hivyo mwaka 1953, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika juu ya Everest, safari yao ilikuwa imebebwa na wapagazi zaidi ya 300 kutoka bondeni. Kilele huonekana kuwa ni kazi ya mtu mmoja au wawili kwa sababu picha hupigwa juu, haipigwi njiani.

"Amekubali mwenyewe"

Atasema msemaji: "Ubaya uko wapi? Mpagazi hakulazimishwa. Ameambiwa kazi, ameambiwa malipo, akakubali. Mgeni ametoa, yeye amepokea. Ujira ukishalipwa, hapana anayemdai mwenziwe."

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa. Kweli mapatano ni jambo tukufu, na mwenye kumwambia mtu mzima kwamba hajui kuchagua kazi yake amemdharau. Wapagazi wenyewe wametuonyesha jambo hili. Mwaka 2019 Serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwa inafikiria kuweka gari la kamba la kuwapandisha wageni Kilimanjaro, wapagazi hawakushangilia kuwa mzigo utaondoka migongoni mwao; walilalamika kuwa riziki yao itaondoka pamoja nao. Basi wao hawaombi mzigo uondolewe. Waombacho ni kuwa mzigo uwe wa haki.

Lakini tuitazame ridhaa yenyewe. Ridhaa ina daraja. Mtu mwenye njia kumi akachagua mojawapo, ridhaa yake ni kamili. Mtu mwenye njia mbili, ya mlima na ya njaa, naye pia amechagua. Lakini uchaguzi wake hauwezi kumpa mwajiri ruhusa ya kila kitu. Dhiki ya mwenzako yaweza kumfanya akubali masharti ambayo asingeyakubali siku ya neema, na mwenye kuyaweka masharti hayo kwa kuwa ameiona dhiki hiyo hawezi kujitetea kwa kusema, "Alikubali." Aliyeuziwa maji jangwani kwa bei ya ng'ombe naye alikubali.

Kisha yatupasa kupambanua vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kazi na hatari. Kazi hununuliwa. Kubeba kilo 20 kwa siku sita ni kazi, ina kipimo, na kwa hivyo ina bei. Lakini hatari si bidhaa. Hakuna kipimo cha uhai ambacho mtu aweza kukitoa kidogo kidogo akalipwa kwa siku. Mpagazi anapopokea ujira amelipwa jasho lake. Mtu hajamlipa maisha yake, kwa sababu maisha yake hayakuwa sokoni. Ile hatari inabaki baina ya watu wawili, nao wameishiriki pamoja kwa kuwa wamepita njia moja. Kwa hivyo mwenye kumwita mwenziwe mahali pa hatari, kwa ajili ya haja yake yeye, amejitwika amana ambayo haimaliziki siku ya kulipana.

Msiba uliotokea Everest mwaka 2014 ulilidhihirisha jambo hili mbele ya dunia nzima. Tarehe 18 Aprili barafu kubwa iliporomoka katika sehemu iitwayo Khumbu na kuwaua wafanyakazi 16 wa Kinepali waliokuwa wakitengeneza njia na kupandisha vitu vya wageni. Sehemu ile ni ya barafu inayokwenda na kuvunjika, na wafanyakazi huivuka mara nyingi zaidi kuliko wageni wao, kwa sababu kila kamba, kila hema na kila chupa ya hewa lazima ipite pale mgongoni mwa mtu. Serikali ya Nepal ilitangaza kwanza kuwapa jamaa za marehemu rupia 40,000 kwa kila familia, yaani kama dola 400 za Marekani, na hali kibali cha mgeni kupanda mlima ule kilikuwa ni maelfu ya dola. Wafanyakazi walikataa kupanda msimu ule. Baada ya hapo kiwango cha chini cha bima ya uhai wao kilipandishwa kutoka rupia milioni 1 hadi milioni 1.5. Tujiulize: kama ujira ungalikuwa umemaliza deni, kwa nini dhamiri ya watu wote iliona haya kwa zile rupia 40,000? Waliona haya kwa kuwa kila mmoja alijua moyoni kuwa liko deni jingine lililobaki.

Bei ya rahisi hulipwa na nani?

Atasema msemaji wa pili: "Mkiweka masharti mengi safari zitakuwa ghali, wageni hawatakuja, na huyo mpagazi mnayemwonea huruma ndiye atakayekosa."

Na hili pia lina ukweli ndani yake. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoifunga dunia, watu wa Moshi na Marangu walionja maana ya mlima usio na wageni. Hatusemi wageni wafukuzwe. Tunachosema ni kuwa kila kitu kina gharama yake ya kweli, na gharama isipolipwa na mwenye kununua haitoweki, bali huhamia kwa mtu mwingine.

Tuchukue safari mbili za Kilimanjaro zinazofanana kwa siku na kwa njia, na moja ikawa rahisi sana kuliko nyingine. Ada ya hifadhi ni moja kwa wote, na haipunguzwi. Chakula cha mgeni hakiwezi kupunguzwa sana, maana atalalamika. Basi punguzo limetoka wapi? Limetoka kwa yule asiyeweza kulalamika. Limetoka katika ujira wake, katika idadi ya wapagazi, hata mmoja akabeba mzigo wa mmoja na nusu. Limetoka katika chakula chake, akala mara moja kwa siku. Limetoka katika hema lake, wakalala wengi katika hema lililochakaa. Na limetoka katika koti na viatu ambavyo hakupewa, akapanda kwenye theluji na viatu vya mitumba vilivyofunguka. Mgeni aliyefurahi kwa kupata bei nzuri hakumwibia mtu kwa mkono wake, lakini amekula kitu ambacho mwingine amekilipia kwa baridi.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao, kwa kuwa insafu yataka tujitazame sisi pia. Mara nyingine bahashishi aliyoitoa mgeni kwa moyo safi hupita katika mikono ya wenzetu, na imfikiapo mpagazi imekwisha kupunguka. Mara nyingine kijana hutakiwa atoe chochote kwanza ndipo apatiwe safari. Mwenye kufanya hivi mara nyingi ni mtu aliyekuwa mpagazi jana, anayejua vyema uzito wa mzigo. Dhulma ya mgeni yaweza kusingiziwa ujinga. Dhulma ya anayejua haina kisingizio.

Yapo pia mambo ya kutia moyo. Tangu mwaka 2003 umekuwapo mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao huwaazima nguo za baridi bila ya malipo na kufuatilia jinsi wanavyolipwa na kulishwa katika safari za makampuni yaliyokubali kuchunguzwa. Makampuni hayo hayakufa. Hii ni dalili ya kutosha kwamba haki na biashara zaweza kukaa nyumba moja, ikiwa mwenye nyumba ataka.

Unyayo wa mtu mmoja

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mtu na mtu. Liko na deni jingine, nalo ni juu ya mahali penyewe.

Mahali pa baridi kali au pa juu sana pana udhaifu ambao macho hayauoni. Bondeni, ganda la ndizi likitupwa huoza na kuwa udongo. Juu ya barafu hakiozi kitu. Kinyesi na makopo ya mwaka huu hukutwa na wajukuu. Mmea uliokanyagwa katika baridi huchukua miaka mingi kurudi. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro na kuteketeza kilomita za mraba zipatazo 95 za majani na vichaka, na taarifa za mwanzo za wakuu wa hifadhi zilieleza kuwa ulianza kwa bahati mbaya mahali pa mapumziko, wakati wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Jiko moja dogo, na mamia ya watu wakaitwa kuzima. Na barafu ya juu, ambayo ndiyo fahari ya mlima, imepungua kwa kiasi cha asilimia 85 baina ya mwaka 1912 na mwaka 2007, kwa sababu zilizo pana zaidi kuliko wapandaji, sababu za hali ya hewa ya dunia. Lakini wako wageni wanaosema wazi kuwa wanakuja haraka waione kabla haijaisha, wakifika kwa ndege zinazozidisha joto lile lile linaloimaliza. Ni kama watu wanaokimbilia kumwangalia mgonjwa, na kila mmoja anaingia na moshi wake.

Kila mmoja wao akiulizwa atajibu: "Mimi ni mtu mmoja tu. Unyayo wangu mmoja utadhuru nini?" Na hakika amesema kweli. Unyayo mmoja haudhuru. Hapa ndipo penye fundo la suala hili, maana tumezoea kumtafuta mkosaji mmoja, na hapa hayupo. Haba na haba hujaza kibaba, katika kheri na katika shari. Watu 50,000 wasio na hatia mmoja mmoja wanaweza kufanya kwa jumla jambo ambalo lau angelifanya mtu mmoja tungemwita mharibifu. Kwa hivyo dhamiri ya mtu binafsi, hata ikiwa njema, haitoshi. Yatakiwa mpaka uliowekwa kwa wote. Na mpaka huo unapomzuia mtu mmoja ambaye kwa hakika asingedhuru, haumdhulumu, kwa sababu na mwenziwe amezuiliwa kwa ajili yake.

Watu wa mataifa wamelifahamu jambo hili mahali ambapo pengine tusingelitarajia. Antaktika haina wenyeji wala mfalme. Mkataba wa kuisimamia ulitiwa saini mwaka 1959, na mwaka 1991 yakaongezwa makubaliano ya kuyalinda mazingira yake. Mwaka huo huo wenye makampuni ya safari waliunda umoja wao, ambao umejiwekea masharti: wasishuke nchi kavu zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja mahali pamoja, meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu kabisa, viatu vioshwe ili mbegu ngeni zisiingie, na wanyama wasikaribiwe. Hata hivyo wageni wameongezeka hadi kuzidi 100,000 katika msimu mmoja, na masharti yaliyowekwa kwa ajili ya wachache sasa yanajaribiwa na wengi. Nepal nayo mwaka 2014 iliamrisha kila mpandaji wa Everest ateremke na kilo 8 za taka, na mwaka 2024 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliagiza idadi ya vibali iwekewe kikomo.

Basi ikiwa mahali pasipo na mwenyewe watu wamekubaliana kujizuia, vipi mahali penye wenyewe, ambapo mito ishukayo mlimani inanywesha mashamba ya watu walio chini?

Kilele na mtu

Tumefika sasa kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Mwaka 2006 Mwingereza mmoja, akiteremka Everest peke yake, aliishiwa nguvu na kukaa chini ya jabali. Ilisemwa kuwa wapandaji wapatao 40 walipita karibu naye siku ile, wengine wakienda juu na wengine wakirudi. Baadhi walisimama na kujaribu kumsaidia, wengi waliendelea. Akafa. Edmund Hillary, aliyekuwa mzee wakati huo, alikasirika na kusema hadharani kuwa uhai wa mtu ni mkubwa kuliko kufika kileleni. Mwezi wa Julai 2023, katika mlima K2 wa Pakistani, mpagazi wa nchi ile alianguka mahali pembamba, na filamu iliyopigwa kutoka angani ikaonyesha watu wakipita juu yake mmoja baada ya mmoja. Baadhi ya waliokuwapo walisema walihangaika naye kwa muda mrefu. Naye akafa, na mfululizo wa watu ukaendelea kwenda juu.

Wenye kuyajua mahali hapo hutwambia tusihukumu kwa haraka. Mahali palipopita mita 8,000 mtu hujiburuta mwenyewe kwa shida. Kumbeba mwingine kwaweza kuongeza maiti badala ya kuipunguza. Hili tunalikubali. Haimpasi mtu kuangamia bila ya faida.

Lakini jawabu hili halimalizi suala, bali linalirudisha nyuma. Ikiwa kule juu haiwezekani kumsaidia mtu, ni nani aliyewapeleka watu kule kwa wingi, bila ya akiba ya hewa, bila ya watu wa kuokoa, na wengine bila ya nguo zinazofaa? Aliyekosa nguvu kileleni hana lawama. Lakini maamuzi yaliyomfikisha katika kukosa nguvu yalifanywa bondeni, mezani, kwa akili timamu na hewa ya kutosha. Dharura ya kileleni hutengenezwa bondeni. Mtu hawezi kujiandalia mwenyewe hali ya kutoweza, kisha akaifanya hali hiyo kuwa udhuru wake.

Na tena haikuwa kweli kuwa daima haiwezekani. Mwezi wa Mei 2023, kiongozi wa Kinepali aitwaye Gelje Sherpa alikuwa akimpeleka mgeni wake kutoka China kwenye kilele cha Everest. Njiani alimkuta mtu wa Malaysia anatetemeka peke yake, amekaribia kufa. Akamshawishi mgeni wake aache kilele, kisha akamfunga yule mgonjwa na kumbeba mgongoni, akisaidiwa na wenzake, mpaka akamfikisha kwenye uhai. Hapa tunamsifu kiongozi, na inastahili. Lakini tusimsahau yule mgeni aliyekubali kurudi, na fedha zake na miaka ya matayarisho yake ikapotea. Yeye naye alikuwa na lengo, akaona kuwa kuna kitu kikubwa kuliko lengo. Kama angelikataa, kiongozi angelikuwa baina ya riziki yake na dhamiri yake, na hilo ni jaribu ambalo tajiri hana haki ya kumtia maskini.

Kutokana na mifano hii twapata kipimo. Lengo lolote ambalo haliwezi kufikiwa ila kwa kumpita mtu anayekufa limekwisha kupoteza thamani iliyomfanya mtu alitafute. Aliyepanda ili ajione ni shujaa, akampita mwenziwe, amefika juu ya jiwe, na ushujaa ameuacha njiani.

Yanayopasa

Kwa hivyo jawabu la suala tuliloanza nalo ni hili: ujira humaliza deni la kazi, haumalizi deni la hatari. Na deni la hatari lina namna zake za kulipwa.

Mgeni anayepanga safari asiulize bei tu. Aulize wapagazi wangu watalala wapi, watakula nini, watavaa nini, watalipwa kiasi gani na mbele ya nani. Akipewa bei ya chini kuliko wengine wote, aulize imetoka katika mwili wa nani. Na awe tayari tangu nyumbani kwake kurudi bila ya kilele, maana asiyekuwa tayari kurudi amewafunga watu wake wote kwa kamba ya matakwa yake.

Mwenye kampuni ampe mpagazi haki tatu zisizouzwa: mavazi na hema la kumkinga na baridi, chakula cha kumtosha, na ruhusa ya kusema "Naumwa, nateremka" bila ya kupoteza jina lake katika orodha ya safari ijayo. Hii ya tatu haigharimu fedha nyingi, lakini ndiyo inayookoa roho nyingi, kwa kuwa maradhi ya mlimani yana dawa moja kubwa, nayo ni kuteremka mapema.

Wenye mamlaka waweke mpaka wa idadi na wausimamie, na mizani ya langoni ipime kweli. Maana mizani inayofumbiwa macho ni mbaya kuliko kutokuwapo mizani, kwa sababu huipa dhulma cheti. Na katika fedha zinazokusanywa kwa jina la mlima, liwemo fungu linalojulikana la mjane na yatima wa mtu aliyekufa akiuhudumia.

Na sisi wengine tulio mbali na barafu tusidhani kuwa makala haya hayatuhusu. Ni nani kati yetu asiyekuwa na mlima wake na mtu wa kumbebea? Yupo anayetushushia magunia bandarini, yupo anayechimba shimo la choo chetu, yupo anayepanda mnazi wetu, na yupo anayetukokea moto alfajiri na hali sisi tumelala. Sote tumezoea kutoa noti, kufunga mlango, na kusema, "Tumemalizana." Pengine kesho, kabla hatujafunga mlango, tumtazame viatuni.